Kani

Kani ni msukumo au mvuto unaobadili mwendo au umbo la kitu. Hupimwa kwa nyutoni, kwa heshima ya Isaac Newton aliyechapisha kanuni tatu za mwendo mwaka 1687. Nyutoni 1 huchapuza kilo 1 kwa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde.

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, hakuna ubao wa darasa unaoeleza kani vizuri kuliko maksai wawili wakivuta plau katika shamba la pamba. Mwendo wao usipobadilika, mvuto wa mlalo hulingana na ukinzani wa udongo. Udongo mzito wa mbuga ukilowa hunata, na ukinzani hupanda. Mnyororo wa kuvutia plau ukiwa mfupi mno, sehemu kubwa zaidi ya mvuto huelekea juu na plau huchomoka ardhini.

Kani inapokandamiza mwili, ukubwa wa eneo linalokandamizwa ndio wa kuangaliwa. Ndoo ya lita 20 za maji hukandamiza kichwa kwa takriban nyutoni 196. Ngata huueneza uzito huo. Nira nyembamba hufanya kinyume: hukusanya kani mahali padogo na kuchubua shingo. Anayechonga nira aichonge pana, na ailainishe.