Mbwa aliyeachwa: namna ya kumufundisha adabu

Vita ikifukuza watu Masisi na Walikale, kuna mbwa wanaobaki nyuma. Wenye kurudi wanawakuta na njaa na woga, na mbwa mwenye woga anauma haraka.

Fimbo inaongeza ule woga. Anza kwa mbali: mutupie kipande cha bukari, akisogea mupe kingine. Akishazoea, mufundishe neno moja, kama «kaa». Akikaa, apate chakula papo hapo. Akikurukia, mugeuzie mugongo, nyamaza, usimupe kitu. Dakika chache kila siku zinatosha. Watoto wasimuguse akiwa anakula.

Lakini chanjo inatangulia adabu. Kichaa cha mbwa kinapita katika mate. Mbwa aliyebadilika gafula, anayetoa mate mengi ao anayeuma ovyo, usimushike. Julisha muganga wa mifugo.

Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kiisha enda siku ileile kwenye kituo cha afya, uulize chanjo. Usingoje kuona kama utagonjwa: dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.