Ball: Neno Moja, Maana Kibao, Kutoka Kiwanjani Hadi Kwa Tumbo

"Ameshika ball."

Ukiisikia hiyo sentensi Jumamosi jioni kando ya kiwanja cha mtaa, unajua kipa ameokoa timu. Ukiisikia kwa ngazi za ploti, wamama wawili wakinong'onezana, unajua kuna msichana maisha yake yamebadilika. Maneno ni yale yale, hata herufi moja haijasonga. Kinachobadilika ni mahali umesimama na nani anaongea.

Ball ni kati ya maneno ya Kizungu ambayo Wakenya wameyachukua, wakayafuga na kuyapa kazi mpya. Hizi hapa maana zake, kuanzia ile kila mtoi anajua hadi ile inafanya majamaa wengine wazime simu.

Ball ya kuchezea

Hii ndiyo maana ya kwanza: kitu cha mviringo unachopiga, kurusha au kudundisha. Kwa Kiswahili ni mpira, na watangazaji wa redio wana majina yao ya kuongeza utamu: kabumbu, kandanda, soka, gozi, boli. Ball rasmi ya soka ina mzingo wa sentimita 68 hadi 70, na mechi ikianza inafaa kuwa na uzito wa gramu 410 hadi 450.

Lakini tusidanganyane, wengi wetu hatukuanza na hiyo. Ball ya kwanza ya mtoto wa mtaa ilikuwa ya juala. Unakusanya majuala, unaweka matambara ndani, unafunga na kamba mpaka ikaze. Haikudunda sana, lakini hakuna mwenye ball angekasirika aibebe aende nayo kwao. Serikali ilipopiga marufuku majuala ya plastiki ya kubebea, kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, mazingira yalipumua, ila mafundi wadogo wa mtaani walipoteza malighafi.

Ball za Kombe la Dunia nazo huwa na majina. Telstar ya Mexico 1970 ndiyo ilileta ile rangi nyeusi na nyeupe tunayochora mpaka leo, ndio ionekane vizuri kwa TV ambazo hazikuwa na rangi. Jabulani ya Afrika Kusini 2010 ilipata jina kutoka Kizulu, maana yake "shangilieni", ingawa makipa hawakushangilia hata kidogo. Walilalamika inabadilisha njia ikiwa hewani.

Na nani alisema ball lazima iwe duara? Ile ya raga ina umbo la yai, na ndiyo Kenya ilibeba ikafunga Fiji 30-7 kule Singapore mwaka 2016, tukashinda taji letu la kwanza la msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba.

Ball ambayo si kitu, ni tendo

Kwa kriketi, ball pia ni ule mrusho mmoja. Ukisikia mtangazaji akisema zimebaki ball sita, hamaanishi kuna mipira sita kwa ndoo. Anamaanisha mrushaji atarusha mara sita zaidi. Wazee wanaokumbuka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, walihesabu hizo ball moja moja wakiwa wameshika roho.

Kwa besiboli ya Marekani, ball ni mrusho mbaya uliopita nje ya eneo la kupigwa bila mpigaji kujaribu kuupiga. Zikifika nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure.

Halafu kuna pool, ule mchezo wa klabu na mabaze. Pale ball nyeusi namba 8 ndiyo huingia mwisho. Ukiiangusha kabla ya kumaliza zako, mchezo umeisha na umepoteza.

Ball unazotumia bila kujua

Cheki biro yako. Pale kwa ncha kuna kaball kadogo kanachozunguka na kuvuta wino. Jina biro lenyewe limetoka kwa László Bíró, mwanahabari wa Hungaria aliyepata hataza ya kalamu hiyo mwaka 1938. Kwa hivyo kila mtihani umefanya na biro, ball ndiyo ilikuwa inakuandikia.

Beringi za gari pia nyingi huwa na vijiball vya chuma ndani, ndio gurudumu lizunguke bila kusagika. Zikichoka kule gereji, watoto wanaziokota na kuzifanya magurudumu ya vigari vya mbao, wanateremka navyo mlima huku mama wa duka akipiga kelele.

Ball ya kudensi

Hii haina undugu wowote na mpira. Ni neno lingine lililotoka Kilatini, *ballare*, yaani kucheza densi, likapitia Ufaransa hadi Uingereza. Ndiyo ile sherehe ya watu waliovaa gauni ndefu na suti kali unaona kwa filamu za wafalme. Ballet, ile densi ya kusimama kwa ncha za vidole, imetoka shina hilo hilo. Maneno mawili yenye asili tofauti yakaishia kuandikwa sawa. Hutokea.

Ball kwa majina

Mashabiki wa baske wanajua ndugu wawili wa ukoo wa Ball. Lonzo alichaguliwa na Los Angeles Lakers mwaka 2017, na mdogo wake LaMelo akachukuliwa na Charlotte Hornets 2020. Ukoo unaitwa Ball na kazi ni ball, yaani hawakuwa na namna.

Wapenzi wa katuni za Japani wana Dragon Ball, kazi ya Akira Toriyama iliyoanza 1984. Humo watu wanatafuta ball saba, na ukizikusanya zote dragoni anatokea kukutimizia ombi.

Na kwa soka kuna Ballon d'Or, yaani mpira wa dhahabu kwa Kifaransa. Ilianza kutolewa 1956. Upande wa wanaume, Mwafrika wa pekee kuibeba ni George Weah wa Liberia, mwaka 1995, na baadaye akawa rais wa nchi yake.

Ball kwa misemo

"Ball iko kwa court yako" imetoka kwa tenisi: mimi nimefanya yangu, sasa ni wewe. Ukiambiwa "kubali kucheza ball", unaombwa ushirikiane na wenzako, na mara nyingine ni njia ya adabu ya kuitishwa kitu kidogo. Baller ni msee mwenye doo na anataka ujue. Na kwa Kizungu, ball zikiwa mbili na mwanaume akatajwa, hapo ni zile za mwilini. Ndio maana mtu jasiri husemekana anazo.

Ball ya Sheng: mimba

Sasa tufike pale ulikuwa unangoja. Kwa mitaa ya Kenya, ball ni mimba. Chanzo hakihitaji profesa, angalia tu tumbo la miezi minane. Neno mimba kwa wengi linasikika zito, na "mjamzito" ni la kliniki na la pasta. Ball ikaingia katikati, nyepesi, unaweza kuisema hata ukicheka. Ndio maana tetesi za mastaa haziishi bila hilo neno: msanii akivaa dera tu, watu wameanza kuuliza kama ako na ball, na ball ni ya nani.

Lakini cheki vitenzi vinavyotembea nayo:

- *Kuweka ball, kupachika ball*: kumpa msichana mimba.
- *Kupachikwa ball*: kupewa mimba.
- *Kushika ball, kubeba ball*: kuwa na mimba.
- *Kuruka ball*: kukana kwamba mimba ni yako.
- *Kutoa ball*: kuavya mimba.

Rudia hiyo orodha polepole. Jamaa anaweka, anapachika, anaruka. Msichana anapachikwa, anashika, anabeba. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa, na aliyetenda ndiye amepewa kitenzi cha kutoroka. Hakuna neno la Sheng la msichana kuruka ball, kwa sababu yeye hawezi. Iko ndani yake.

Na si stori za watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS, wa mwaka 2022 ulipata kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Kenya walikuwa wamewahi kushika mimba. Samburu ilikuwa asilimia 50. Yaani ukipanga wasichana wawili wa huko, mmoja ameshapitia hiyo.

Kuna wakati hata sheria ilimsaidia anayeruka. Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema kama wazazi hawajaoana, mzigo wa malezi unaanzia kwa mama. Katiba ya 2010 ikaja ikabadilisha. Kifungu cha 53 kinasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, na jukumu lao ni sawa, wawe wameoana au la. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikafuata njia hiyo hiyo. Ukiruka, mama anaweza kwenda kortini, na korti inaweza kuagiza DNA. DNA haisikilizi "huyo simjui".

Kama msichana hajafika miaka 18, stori inabadilika kabisa. Hapo hakuna cha "alikubali". Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inahesabu hiyo kuwa unajisi. Hata akiwa na miaka 16 au 17, kifungo ni miaka isiyopungua 15.

Kuhusu kutoa ball, katiba hairuhusu isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kuna dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini. Vidonge vya kununuliwa kwa uchochoro na dawa za kuchemshwa na jirani haviko kwa hiyo orodha, na vimezika wasichana.

Na shule? Wengi bado wanaamini kushika ball ni mwisho wa masomo. Si kweli. Tangu 1994 Kenya ina sera ya kumruhusu msichana arudi shule baada ya kujifungua, na mwongozo wa 2020 ukaeleza vizuri zaidi hatua za kufuata. Mwalimu hana haki ya kumfukuza kwa sababu ya tumbo. Kama ni mtoto na yuko kwa shida, laini ya 116 ni ya bure.

Kabla hujafunga hii ukurasa

Kiswahili kina mzaha wake hapa. Mpira, kabla ya kuwa wa kuchezea, ni utomvu wa mti. Kisha ukawa kila kitu kinachotengenezwa nao: bomba la kumwagilia maji, ball yenyewe, na kondomu. Kwa hivyo sentensi hii ni Kiswahili safi kabisa, na kila msee anafaa kuielewa: ukisahau mpira, utaleta ball.

Na ikishaletwa, hakuna filimbi ya mwisho baada ya dakika 90. Mechi hiyo ni ya miaka 18 kwenda juu, na sheria inataka wachezaji wawili kiwanjani.