Redio ya Nyumbani na Mawingu ya Ufipa

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na kwetu Ufipa msemo huu hauhitaji mwalimu wa kuufafanua. Uwanda wetu uko juu, sehemu kubwa ikiwa kati ya meta 1,500 na 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Miti ni michache na upeo ni mpana, hata mkulima aliye juu ya matuta yake huliona wingu likiwa bado mbali. Lakini mvuvi aliye chini ya Lyamba lya Mfipa, katika Ziwa Rukwa, hana upeo kama huo. Ukuta wa mlima humficha hali ya hewa hadi imfikie. Na aliyelala usiku haoni wingu lolote. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi: ni nani atakayempa habari mtu asiyeweza kujionea mwenyewe?

Wazee wetu walikuwa na majibu yao: mwelekeo wa upepo, mwendo wa ndege, joto lisilo la kawaida mwanzoni mwa Novemba. Majibu hayo hayakuwa ya kipuuzi, lakini yalimhusu tu mtu aliyekuwapo mahali pale. Habari za hatari inayotoka mbali zilihitaji chombo kingine.

Tazama pwani yetu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar, kikazamisha majahazi na kuangusha mikarafuu mingi sana. Hapakuwa na simu ya upepo wala ya waya ya kuwaonya watu. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliifikia Lindi. Safari hii nchi ilikuwa na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kutangaza Julai 1951. Lakini mitambo yake ilikuwa dhaifu, ikisikika Dar es Salaam na kandokando yake. Kuwa na redio nchini si sawa na kuwa na redio inayomfikia mwananchi.

Kwetu sisi wa magharibi, redio ya kwanza haikutoka Dar es Salaam hata kidogo. Ilitoka kusini. Kuanzia mwaka 1949 kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, iliuzwa redio ya betri kwa bei ya pauni 5, yaani shilingi 100 za wakati ule. Iliitwa Saucepan Special kwa sababu umbo lake lilikuwa la sufuria. Ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya Waafrika wasio na umeme, wapate kusikiliza kituo cha Lusaka kilichotangaza kwa Kibemba, Kinyanja na lugha nyingine. Vijana wengi wa Ufipa na Umambwe walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya shaba. Mmoja wao, jirani yetu, alirudi na sufuria yake ya buluu, nami nikiwa mtoto mdogo niliona watu wazima wakikaa kimya mbele ya chombo kisichopikia kitu.

Mwaka 1956 Sauti ya Dar es Salaam iligeuka kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya Serikali. Hapo ndipo redio ilipoanza kuwa mali ya kijiji. Ngoma ilipolia kabla ya taarifa ya habari, mazungumzo yalikatika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao 2,000,000 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya maji safi, malaria na vyoo. Novemba 1978 tulisikia kwa redio kwamba nchi iko vitani. Kwa redio hiyo hiyo tulisikia matangazo ya vifo, na pia utabiri wa hali ya hewa, uliosomwa kwa haraka kidogo: mvua za ngurumo katika maeneo machache, vipindi vya jua.

Utabiri wenyewe ulikuwa na historia yake. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, hali ya hewa ilishughulikiwa na idara ya pamoja ya nchi zetu tatu. Baadaye Tanzania ikawa na idara yake, na mwaka 1999 ukaundwa wakala ambao leo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Siku hizi taarifa za mamlaka hiyo zina ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Katika ramani ngazi hizo huonyeshwa kwa rangi za njano, chungwa na nyekundu, lakini redio haina rangi, kwa hiyo msikilizaji hana budi kuyajua maneno. Tahadhari si angalizo. Nimewahi kukaa na watu wazima wenye elimu waliodhani maneno yote matatu ni namna moja tu ya kusema mvua itanyesha.

Faida ya mpangilio huo ilionekana mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia. Habari zilitolewa siku kadhaa kabla, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, na wavuvi wakaambiwa wasitoke. Kimbunga kilipofika nchi kavu kilikuwa kimepungua nguvu. Kati ya 1872 na 2024 bahari haikubadilika tabia. Kilichobadilika ni kwamba habari sasa humtangulia mwenye kudhuriwa.

Hapa kwetu adui mkubwa wa masika si kimbunga, ni radi. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulikuwa na redio kubwa iliyoungwa na waya mrefu uliopita juu ya mti. Niliwafundisha walimu wanafunzi jambo ambalo halimo katika maelezo ya muuzaji: redio ya masafa ya kati husikia radi kabla ya masikio yetu. Kila umeme unapopiga hutoa mawimbi, nayo huingia katika sauti kama mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja baada ya muda mrefu, mvua iko mbali. Mikwaruzo ikifuatana na kuongezeka nguvu, mvua inakuja. Waya uchomolewe na watu waingie ndani. FM haina tabia hiyo; sauti yake husafika hata radi ikiwa mlangoni. Baada ya hapo hesabu ni rahisi: ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3, utapata kilometa. Sekunde zikipungua 30, kaa ndani. Na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mjukuu wangu aliye Marekani aliposikia kwamba natafuta redio mpya, akataka kuniletea ya kule, ile inayolia yenyewe usiku kukiwa na hatari. Ni chombo kizuri. Lakini husikiliza masafa maalumu ya idara ya hali ya hewa ya huko, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, na hapa Sumbawanga hakuna kituo kinachotangaza humo. Ingekaa kabatini ikisubiri kengele isiyokuja kamwe.

"Basi Babu, kwani simu haitoshi?" akaniuliza.

Nilimjibu kwamba simu ni njema hadi umeme ukatike. Kwa miaka mingi umeme wetu umetoka Zambia, na kila mkazi wa mji huu anaujua usiku wa giza na simu iliyozimika. Hivyo nilichagua redio yenye FM kwa ajili ya vituo vya karibu, na masafa ya kati kwa ajili ya vituo vya mbali na mikwaruzo yangu. Inatumia betri za kawaida zinazopatikana katika duka lolote la kijijini, na ina mkono wa kuzungusha betri zikiisha, wazo alilolibuni Mwingereza Trevor Baylis mwaka 1991 kwa kuifikiria Afrika. Spika yake humwamsha mtu mzima. Sikuhitaji zaidi ya hayo.

Kuna sababu nyingine ya kuitunza redio hiyo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Katika nchi yetu, radi ilipoua, wengi hawakuuliza wingu lilitoka wapi. Waliuliza nani ameituma. Jina la mji wetu lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Na aliyetajwa kuwa mtumaji mara nyingi alikuwa mzee asiye na mtetezi, bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nimeona boma likihamwa kwa shutuma za namna hiyo.

Sasa fikiri, msomaji wangu, kijiji ambacho jana jioni kilisikia, wote kwa pamoja, kwamba Nyanda za Juu Kusini-Magharibi zitapata mvua kubwa zenye radi. Radi ikipiga kesho, msiba utakuwa ule ule na kilio kile kile. Lakini itakuwa vigumu zaidi kumnyoshea kidole bibi wa watu kwa jambo lililokwisha kutangazwa kwa mikoa kadhaa. Ndiyo maana yangu naiweka barazani saa ya taarifa ya habari, sauti juu, majirani wasikie.