Kamera ya sewa itaingia wapi Sangailu?

Wasee wa Nairobi, sewa ya nyumba ikiziba mnaita fundi. Anaingiza kamera ndogo ndani ya bomba na kuangalia kwa skrini: ni mizizi, ni mafuta yameganda, ama bomba limepasuka? Halafu anachimba pale penye shida tu.

Sasa mpeleke huyo fundi Sangailu, kule Ijara, Garissa. Bomba liko wapi? Watu wanatumia choo cha shimo, kikijaa wanachimba kingine.

Hii si bahati mbaya. Mkoloni alifunga eneo lote la kaskazini, kuingia na kutoka ni kwa kibali. Uhuru ukaja, na 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10: pesa za maendeleo ziende penye ardhi nzuri, mvua na barabara, ndiko zitazaa zaidi. Mabomba yakafuata pesa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao na usafi unaofaa. Kwa hivyo mtu akikuambia kaskazini "wamebaki nyuma", muulize: nani aliwaacha?