Nani Ameleta Chunjua?

Kuna swali ambalo limeandamana na chunjua za sehemu za siri kwa karibu miaka elfu mbili, na wala si swali la kidaktari. Swali lenyewe ni: nani ameleta? Warumi wa kale waliziita tini kwa sababu ya umbo lake, na washairi wao wakazitumia kuwachekea watu. Huku pwani tunasema chunjua, ng'ambo ya mpaka Tanzania wanasema masundosundo, na vijana wa mjini wanasema "vinyama" huku wakishusha sauti. Majina mbalimbali, aibu ni ileile.

Mimi nimeifuata historia hii kwa sababu ya Kibuyuni. Kama hujafika, ni kijiji cha wavuvi karibu na Shimoni, kusini kabisa mwa Kwale, ambako wanawake wanalima mwani baharini. Shangazi yangu ni mmoja wao. Nikimtembelea napenda kukaa nao wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba, maana hapo ndipo habari zote hupita. Siku moja wakawa wanamzungumza mwenzao aliyeachwa. Alikwenda zahanati na vijiuvimbe huko chini, akaangaliwa mara moja, akaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, amlete mume. Mume hakwenda zahanati. Alitoa talaka.

"Ati kamletea uchafu ndani ya nyumba," shangazi alisema.

"Na yeye mwenyewe, huko Mombasa anakolala wiki mbili mbili?" mwenzake akauliza. Wakacheka, lakini si sana.

Sasa tazama jinsi swali la yule mama lilivyowachukua madaktari miaka mingi kulifikia. Kwa karne nyingi walichanganya kila kitu kapu moja: kaswende, kisonono na chunjua vilidhaniwa ni ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Mwaka 1793 Benjamin Bell wa Scotland alitetea kwamba kisonono na kaswende ni magonjwa mawili. Mwaka 1879 Albert Neisser akakiona kijidudu cha kisonono kwa hadubini. Chunjua zikabaki bila mwenyewe. Wengine wakasema ni uchafu tu na majimaji yanayochokoza ngozi, yaani mwenye chunjua ni mtu asiyejisafisha. Hilo nalo bado tunalisikia.

Mwaka 1907 Mwitaliano Giuseppe Ciuffo alisaga chunjua za kawaida za ngozi, akachuja maji yake kwa chujio lisilopitisha bakteria, kisha akayatia kwenye ngozi. Chunjua zikaota. Basi kilichopita pale kilikuwa kidogo kuliko bakteria: kirusi. Lakini je, za sehemu za siri zinapita kwa tendo la ndoa? Jibu zuri lilitoka Marekani mwaka 1954. Madaktari walieleza habari za wanawake 24 walioota chunjua wiki chache baada ya waume zao, wanajeshi, kurudi kutoka vita vya Korea. Wanaume hao walikuwa na uhusiano na wanawake wengine huko ng'ambo. Mke alikuwa nyumbani, mume alikuwa safarini, na chunjua zikaonekana kwa mke. Yule mama wa mwani angewaambia hilo bila utafiti.

Mwaka 1971 daktari wa London, J. D. Oriel, akachapisha hesabu. Kati ya wenzi wa watu wenye chunjua aliowafuatilia, karibu thuluthi mbili waliota zao pia. Muda wa kusubiri ulikuwa kuanzia wiki tatu hadi miezi minane, wastani karibu miezi mitatu. Hebu tulia na hesabu hiyo. Kinachoonekana leo huenda kiliingia kabla ya Ramadhani iliyopita. Tena leo tunajua zaidi: kirusi kinaweza kukaa kimya muda mrefu kuliko huo, na wengi wanaokibeba hawaoti chochote, miili yao hukiondoa polepole bila wao kujua. Kwa hiyo aliyeota kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta. Chunjua haziandiki tarehe wala jina la mtu. Anayezitumia kama ushahidi wa usaliti anasoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Jina la kirusi lenyewe lilipatikana mwaka 1980, pale Lutz Gissmann na Harald zur Hausen, huko Ujerumani, walipokitoa kwenye chunjua za sehemu za siri. Ni virusi vya papiloma, aina ya 6. Aina ya 11 ikafuata. Hizo mbili ndizo zinazosababisha karibu asilimia 90 ya chunjua hizi, nazo si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hizo hasa ni aina ya 16 na 18. Tofauti hii watu wengi hawaambiwi, basi mtu anatoka kliniki akidhani amehukumiwa kifo kwa sababu ya kijichunjua.

Wanaougua ni wangapi? Wachunguzi waliokusanya tafiti za dunia mwaka 2013 walipata kati ya wagonjwa 160 na 289 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Kwa wanawake kilele ni kabla ya miaka 24, kwa wanaume kati ya 25 na 29. Yaani ni sisi, wasomaji wa ukurasa huu. Lakini hesabu hizo nyingi ni za nchi tajiri. Kwetu, mfumo uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili ulijengwa juu ya mambo kama usaha, vidonda na maumivu ya tumbo. Uliwasaidia wengi pasipokuwa na maabara. Ila chunjua haziumi sana, hazitoi usaha, na mwenye nazo anaona haya kusema.

Hapa ndipo Kwale inapokuwa na historia yake. Mwaka 1899, huko Cairo, daktari Frank Cole Madden alieleza mgonjwa mwanamke aliyekuwa na uvimbe ukeni. Haukuwa wa zinaa. Ulikuwa kichocho. Minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa ya kibofu na jirani zake, na mayai yake hukwama pia kwenye mlango wa kizazi, uke, hata nje, ambako yanaweza kutoa vinundu vinavyofanana kabisa na chunjua.

Na Msambweni ni jina linalojulikana na watafiti wa kichocho duniani kote. Tangu miaka ya 1980 watoto wa shule huko wamepimwa mkojo na kupewa praziquantel. Utafiti uliochapishwa 2004 ulichora ramani ya nyumba hadi nyumba na kukuta maambukizi yamejikusanya kuzunguka bwawa la Nimbodze, lenye konokono wanaobeba ugonjwa huo. Bahari haina hatia: konokono hao wanaishi maji baridi. Lakini mlima mwani wa leo alikuwa mtoto jana, akichota maji bwawani na kuoga humo. Kitabu cha picha cha kuwaonyesha wahudumu kichocho cha sehemu za siri za wanawake, Shirika la Afya Duniani lilikitoa 2015. Tangu Madden ni miaka 116.

Kwa hiyo jicho moja la haraka halitoshi. Chunjua za kawaida ni laini, nyingi, kama koliflawa, na mhudumu mzoefu huzitambua kwa kuzitazama vizuri. Vinundu bapa, vyenye unyevu, vinadai kipimo cha damu cha kaswende. Vinavyovuja damu, vigumu au visivyopona vinadai kipande kipelekwe maabara. Na kwa mtu wa Kwale, mkojo upimwe mayai ya kichocho, ingawa mkojo safi hauondoi shaka yote, na madoa ndani ya uke yanayofanana na chembe za mchanga yatafutwe.

Kinga ipo pia. Chanjo iliyotoka 2006 ilikinga aina za 6, 11, 16 na 18. Australia iliianza 2007, na ndani ya miaka michache chunjua zikawa adimu kwa wasichana waliochanjwa. Rwanda ikafuata 2011. Kenya ilizindua chanjo ya papiloma kwa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, na uzinduzi ulifanyika hapa hapa Mombasa. Mwaka 2022 utafiti uliofanywa Kisumu, Thika na Nairobi kwa wasichana 2,275 ukaonyesha dozi moja tu inakinga dhidi ya aina za saratani kwa zaidi ya asilimia 97.

Lakini chanjo haimrudishii mtu ndoa yake, wala haimsafishii jina kijijini. Kinachoweza kufanya hivyo ni mhudumu anayeuliza maswali mawili badala ya moja. La kwanza, umeanza kuona hivi lini? La pili, ulipokuwa mdogo, mlikuwa mkichota na kuoga maji ya wapi?