Hayati Jaji Benedicto Kiwanuka: Askari Aliyesimama na Sheria



Sisi tuliozaliwa Bweni, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, tulikua tukilisikia neno "akida" vinywani mwa wazee. Zama za Wajerumani akida alikuwa ndiye mtoza kodi, naye huyo huyo ndiye aliyeamua kesi ndogo ndogo. Aliyedaiwa kodi alihukumiwa na mdai wake. Waingereza waliiteka Mafia mwezi wa Januari 1915, bendera ikabadilika, lakini desturi ya mtawala kuwa pia mwamuzi haikwisha upesi. Kwetu Tanganyika ilikuwa ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliyoziondoa mahakama za wenyeji mikononi mwa watawala na kuziweka chini ya Mahakama Kuu.

Kwa nini jambo hilo lina uzito? Jibu nalipata katika maisha ya jirani yetu wa Uganda, hayati Benedicto Kiwanuka.

Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika Buddu, upande wa Masaka. Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiwa imepamba moto, aliingia jeshini. Alitumikia Kenya, Misri na Palestina, akapanda hadi cheo cha sajini meja. Vita vilipokwisha alirudi kwao mwaka 1946, akaajiriwa kuwa karani na mkalimani wa Mahakama Kuu. Kazi ya mkalimani si ndogo. Maneno ya mshtakiwa na maneno ya jaji yote hupita kinywani mwake, na akikosea neno moja mtu aweza kupotea. Hapo ndipo alipoiona sheria kwa karibu.

Hakuridhika kubaki karani. Alikwenda kusoma Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, kisha London, akahitimu uwakili mwaka 1956. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha Democratic Party. Chama chake kilishinda uchaguzi wa 1961, ambao watu wengi wa Buganda waliususia, akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Lakini katika uchaguzi wa Aprili mwaka huo huo alishindwa, na uhuru wa tarehe 9 Oktoba ulimkuta Milton Obote ndiye anayeshika usukani. Mwaka 1969 Kiwanuka aliwekwa kizuizini.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Kiwanuka akafunguliwa, na mwezi wa Juni Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika kiti hicho. Wote wawili walikuwa wamepitia jeshi la Mwingereza. Mmoja alitoka humo akaenda kusomea sheria. Mwingine alibaki na bunduki.

Mwezi wa Septemba 1972 lilifika mbele yake shauri la Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, aliyekamatwa na kushikiliwa na wanajeshi. Jaji Mkuu hakutafuta njia ya kukwepa. Aliamua kwamba askari hawakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumshikilia, akaamuru aachiliwe. Zilikuwa siku za hatari, kwa maana tarehe 17 mwezi huo wafuasi wa Obote walikuwa wameivamia Uganda wakitokea kwetu Tanzania. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini mwake mchana kweupe. Aliuawa, na maiti yake haikuonekana hadi leo. Aliacha mjane na watoto wasio na kaburi la kuzuru.

Amin aliangushwa mwaka 1979, majeshi yetu yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Na Mahakama ya Uganda imeanzisha hotuba ya kila mwaka ya kumkumbuka Kiwanuka.

Ndugu zangu, wako mahakimu waliokaa kitini miaka thelathini tusiwakumbuke kwa lolote. Kiwanuka alikaa miezi isiyotimia kumi na mitano. Wengi wetu tuliotoka shule yetu tumo katika utumishi wa serikali, na kila siku karatasi hupita mbele yetu zikingoja sahihi. Ni mara chache tutakapotakiwa kutoa roho zetu. Mara nyingi tunatakiwa tu kusema, "Hili haliruhusiwi na sheria," mbele ya mkubwa asiyependa kulisikia. Tukinyamaza, tutakuwa tumemrudisha akida wa zamani, tena kwa mikono yetu wenyewe.