Viputo vidogo kwenye sufuria havimaanishi maji yamechemka

Umebandika maji ya kunywa, na baada ya dakika chache unaona viputo vidogo vimeganda chini na pembeni mwa sufuria. Wengi hapo huepua na kujaza jagi. Kumbe bado!

Viputo vya kwanza ni hewa tu

Maji ya bomba, kisima au mto huwa na hewa iliyoyeyuka ndani yake. Maji yakipata joto, uwezo wake wa kushika hewa hiyo hupungua, na inayokosa nafasi hutoka. Hujikusanya kwenye mikwaruzo midogo ya sufuria, maana hapo ni rahisi kiputo kuanza. Ndiyo sababu hata glasi ya maji ya baridi iliyoachwa mezani usiku kucha hukutwa asubuhi na viputo pembeni.

Mbona havilingani ukubwa?

Kiputo hung'ang'ania sufuria mpaka kikue vya kutosha, ndipo kichomoke na kupanda. Viwili vikigusana huweza kuungana vikawa kimoja kikubwa.

Kina cha maji nacho kina kazi yake. Mita 10 chini ya bahari, mgandamizo ni karibu mara mbili ya ule wa juu. Kiputo anachotoa mzamiaji huko, kikifika juu, ujazo wake huwa umeongezeka karibu mara mbili.

Vya mwisho ni mvuke

Joto likikaribia nyuzi 100, maji ya chini huanza kugeuka mvuke. Viputo vya kwanza vya mvuke hupanda, vikakutana na maji yasiyo moto sana, vikasinyaa ghafla. Zile kelele za birika kabla ya kuchemka hutokana na hilo.

Maji yote yakishapata moto, viputo havisinyai tena. Hukua vikipanda na kupasuka juu kwa fujo. Hapo sasa maji yanatokota.

Lini uepue?

Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri maji yaachwe yatokote kwa dakika 1 nzima ili kuua vijidudu vinavyoleta magonjwa kama kipindupindu na homa ya matumbo. Maeneo yaliyo juu ya takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama Nyahururu nchini Kenya, ni dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Yaani yanatokota, lakini joto lake ni dogo zaidi.

Kama maji yana tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Yakishachemka, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Kwa hiyo ukiona viputo vidogo vimetulia pembeni, usiepue. Subiri vikubwa vipande juu bila kukoma, ndipo uanze kuhesabu dakika.